Misimu ya Maporomoko ya Tana, Kusini mwa Kiritiri

Kusini mwa Kiritiri, nyanda kavu za Mbeere huteremka hadi kwenye bonde la Mto Tana, pale mto ulipojigawa mikono kadhaa na kuanguka juu ya miamba. Eneo hilo huitwa Seven Forks.

Mvua za Mbeere huja mara mbili: Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba. Wakulima wa mtama, mawele na kunde wameutegemea zaidi msimu wa pili. Mto, hata hivyo, haukungojea mvua ya Mbeere. Maji yake hutoka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, hivyo uliweza kujaa wakati mashamba ya Kiritiri yamekauka. Mafuriko yalipopanda, miamba ilizama; yalipopungua, mikono ya mto ilionekana tena, kila mmoja na maporomoko yake.

Kalenda hiyo ya kale ilivunjwa na umeme. Bwawa la Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968, likafuatwa na Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Masinga ndilo lililobadilisha mambo zaidi, kwa kuwa liko juu ya mengine yote na huhifadhi maji ya masika kwa ajili ya kiangazi. Kamburu, Gitaru na Kiambere nayo hupitisha maji chini ya ardhi kwenda kwenye mitambo, na sehemu ya korongo hubaki na mwamba mtupu. Nchi ilipata mwanga, lakini Mbeere ilipoteza mandhari ya maporomoko yake.

Tangu hapo, maji huanguka kwa kishindo pale tu mabwawa yanapofurika. Ilitokea mwaka 2018, 2020 na 2024, na kila mara watu wa Garissa na Tana River, walio mkondo wa chini, walipata hasara kubwa. Kinyume chake, ukame wa 2009 ulilazimisha mtambo wa Masinga kuzimwa.

Kwa anayetaka kuona maji yakimwagika, basi, mvua kuanza si dalili ya kutosha. Masinga lazima lijae kwanza, na katika miaka ya mvua nyingi hilo hutokea mara nyingi kuelekea Mei. Wakati huo barabara za udongo huteleza, na kingo za mto ni za hatari. Juni na Julai kuna ubaridi kidogo na njia hupitika, ila korongo huwa limetulia. Februari na Machi joto huwa kali mno kwa mwendo wa miguu mchana.