Nani Amfundishe Mlezi wa Wanafunzi? Somo Kutoka Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Katika vyuo vyetu vingi imekuwa desturi kazi ya mlezi wa wanafunzi, ambaye vyuo vikuu humwita mshauri wa wanafunzi, kukabidhiwa mwalimu mwenye vipindi vichache, au mchungaji anayesifiwa kwa upole wake. Mwalimu wa Agano Jipya hatumpi darasa mpaka awe na shahada ya uzamili katika fani hiyo. Lakini mtu atakayeshughulika na mabweni, ugonjwa, ada, ugomvi, mimba, misiba na migomo tunampa funguo na kumtakia heri. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali la nani amfundishe mlezi huyo si geni katika nchi yetu, na kwamba sehemu ya historia yake iko mahali ambapo wengi wetu tusingepatazamia, yaani kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Kigoma.

Mapadre wa kwanza wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, tunaowaita kwa kawaida Mapadre Weupe, walifika Ujiji mwezi Januari 1879. Ujiji wakati huo ulikuwa mji wa biashara, mwisho wa njia ndefu ya misafara kutoka Bagamoyo, na miongoni mwa bidhaa zilizouzwa humo walikuwamo binadamu. Mapadre wakaanza kukomboa watoto na kuwalea katika vituo vyao kandokando ya ziwa. Mwaka 1885 walikabidhiwa Karema, ngome ambayo Kapteni Cambier wa Ubelgiji alikuwa ameianzisha mwaka 1879 kwa niaba ya jumuiya ya Mfalme Leopold II. Ni katika Karema hiyo ambapo mwaka 1889 aliwasili kijana mmoja mweusi aliyesomea utabibu Ulaya, Adrian Atiman.

Atiman alizaliwa katika bonde la mto Niger, nchi ambayo leo ni Mali. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na mapadre huko Algeria. Mwaka 1881 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alimpeleka pamoja na vijana wenzake waliokombolewa katika taasisi aliyoifungua kisiwani Malta. Humo walifundishwa utabibu pamoja na katekisimu, ili wawe matabibu makatekista. Atiman alimaliza masomo, akaondoka mwaka 1888, na tangu alipofika Karema hakuhama tena mpaka kifo chake mwaka 1956. Alitumika miaka 67 mahali pamoja. Mwenyewe alisimulia maisha yake, na simulizi hiyo ilichapishwa mwaka 1946 katika jarida Tanganyika Notes and Records. Tunawasihi wanafunzi wetu waitafute na kuisoma, maana wengi wanajua habari za Livingstone na Stanley pale Ujiji mwaka 1871 kuliko wanavyomjua Mwafrika huyu.

Linalotuhusu hapa, hata hivyo, si utabibu wake. Ni jinsi alivyolelewa alipokuwa mwanafunzi. Lavigerie alikuwa na neno moja alilolisisitiza kwa watu wake: vijana hawa wasifanywe Wazungu. Wapewe elimu ya juu kwa kadiri iwezekanavyo, lakini katika chakula, mavazi, malazi na mwenendo wa nje wabaki Waafrika, ili watakaporudi waweze kuishi miongoni mwa watu bila gharama na bila kujitenga nao. Hakusema kwamba hayo ni mambo ya mpishi na mtunza bweni. Aliyahesabu kuwa sehemu ya mafunzo yenyewe. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba alitambua kuwa chuo hufundisha mara mbili, mara moja darasani na mara ya pili bwenini, na kwamba somo la bwenini huweza kulifuta lile la darasani.

Hatusemi hayo ili kumtakasa Kardinali. Vijana wale hawakuulizwa kama walitaka kwenda Malta. Walikuwa wamekombolewa, na mtu aliyenunuliwa ili awekwe huru huona vigumu kumkatalia aliyemnunua. Aidha Lavigerie alimfikiria "Mwafrika" kana kwamba ni mtu wa namna moja tu. Mtoto wa Niger alihesabiwa kuwa yuko nyumbani Karema, wakati lugha, vyakula na desturi za watu wa ufuko huo zilikuwa ngeni kwake, naye alilazimika kujifunza kama mgeni mwingine yeyote. Makosa hayo yote mawili yangali nasi. Tungali tunampeleka mwanafunzi kusoma mahali bila kumwuliza, na tungali tunadhani kwamba kijana wa Kigoma akiwa Dar es Salaam au Arusha yuko "nyumbani" kwa kuwa tu hajavuka mpaka.

Swali la bwenini lilirudi kwa kishindo baada ya uhuru. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kama chuo kishiriki, katika jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Miaka miwili baadaye, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa kufanywa la lazima kwa wasomi kwa miaka miwili, ambayo sehemu yake kubwa wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawafukuza karibu 400 warudi makwao, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Habari hii huelezwa kwa kawaida kama habari ya siasa, nayo ni kweli. Lakini tukiisoma kama walezi tunaona jambo jingine. Vijana wale walikuwa wamekaa kwenye kilima chenye vyumba vizuri na meza iliyoandaliwa, mbali na vijiji vilivyowalipia kodi, wala hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwasaidia kuufikiri umbali huo kabla haujageuka kuwa bango la maandamano. Mwaka 1971 Mlimani kulitokea mzozo mwingine, wa kufukuzwa kwa rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, na polisi wakaingia chuoni. Mara zote mbili walioitwa kutatua walikuwa wakubwa wa dola na wa chuo, na waliitwa wakati moto ulikwisha kuwaka.

Je, ulezi huu ni elimu inayofundishika? Wenzetu wa Marekani walijibu ndiyo tangu zamani. Mwaka 1916 Chuo cha Walimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilianza kutoa masomo ya juu kwa wanawake waliokuwa walezi wa wanafunzi wa kike vyuoni, na mwaka 1937 baraza la elimu la nchi hiyo lilitoa waraka uliosisitiza kwamba chuo kina wajibu kwa mwanafunzi mzima, si kwa akili yake tu. Leo huko mtu husoma shahada ya uzamili katika kazi hii: ukuaji wa kijana, ushauri nasaha, sheria na nidhamu, fedha, utawala, na majuma mengi ya mazoezi ofisini chini ya mlezi mzoefu. Kwetu wanaoipata elimu ya namna hiyo huipata kwa vipande, katika shahada za elimu, saikolojia, ushauri nasaha au ustawi wa jamii. Si njia mbaya, mradi anayeifuata ajue anakwenda kusomea nini.

Kuna ndugu watakaosema kwamba mchungaji amekwisha kufundishwa huduma ya uchungaji, na hiyo yatosha. Sisi hatukubali. Mchungaji wa chuo anapokea maungamo, naye amefungwa kunyamaza. Mlezi wa wanafunzi anakaa katika kamati ya nidhamu, naye amefungwa kusema. Katika vyuo kadhaa vya kanisa mtu mmoja amevishwa makoti hayo mawili. Mwanafunzi aliyemweleza usiku habari ya deni au ya mimba hana njia ya kujua kama asubuhi anakutana na mchungaji au na mjumbe wa kamati, kwa hiyo akiwa na busara hunyamaza. Hapo tumepoteza huduma zote mbili. Masomo ya uzamili hayatamfanya mtu awe mwenye huruma zaidi, ila yatamfundisha kuutambua mpaka huo, kuandika kumbukumbu, kujua ni lini amtume mtu hospitali, na kusimama mbele ya mkuu wa chuo na kumwambia hapana.

Kwa watu wa Kigoma jambo hili si la mbali. Tangu reli ilipofika huko mwaka 1914, kijana wa Ujiji au Kasulu aliyetaka elimu ya juu alipanda treni na kusafiri zaidi ya kilometa 1,200 hadi pwani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1992, kiliwapatia wengine nafasi ya kusoma wakiwa kwao kwa kuweka kituo mkoani. Ulezi hapo ni mgumu kwa namna nyingine, kwa kuwa mwanafunzi hana bweni, na mlezi humwona mara chache sana. Sasa, chini ya mradi wa serikali wa elimu ya juu ulioanza mwaka 2021, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimepangiwa kampasi Kigoma. Vijana kutoka mikoa yote watakuja kusomea utabibu kwenye ufuko uleule wa Atiman, na safari hii wageni watakuwa wao.

Dayosisi na makanisa yaliyoko huko yataombwa wachungaji wa kuwahudumia, na pengine walezi pia. Shahada ya uzamili huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, bila kuhesabu muda wa kutafuta ufadhili. Kamati zetu za masomo, ambazo kwa miaka mingi zimezoea kupeleka watu kusomea Biblia na Dogmatiki, zinaweza kuanza kwa kumteua mtu mmoja.