Maandishi ya Pakiti

Wewe usomaye, huenda umepata kushika pakiti ya vitafunio kutoka nchi ya mbali, ukasoma maneno yaliyopigwa chapa mgongoni mwake, ukacheka. Wako hata wafanyao mzaha huo kwa makusudi: huyatia maneno ya pakiti katika mashine ya kutafsiri, huyapitisha katika lugha mbili tatu na kuyarudisha, kisha huichora pakiti upya kwa upuuzi uliopatikana. Kicheko ni halali. Walakini kosa nalo lina historia yake.

Tazama nchi ya China. Mwaka 1956 serikali ilitangaza mpango wa kurahisisha maandishi, ili watu wengi wasiojua kusoma wajifunze upesi. Katika kazi hiyo, alama ya kale yenye maana ya “kavu”, iliyokuwa na mistari 11, iliunganishwa na alama nyingine yenye maana ya “fanya”. Zote mbili zikawa alama moja ya mistari 3 tu. Mtoto wa Kichina hatatiziki: akiiona karibu na neno “tunda”, ajua kuwa tunda limekaushwa, akiiona karibu na “kazi”, ajua kuwa ni kufanya. Mashine haikuwa na busara hiyo. Katika miaka ya 2000, baadhi ya programu za kutafsiri zilishika maana ya “fanya”, tena zikaitolea tusi zito la Kiingereza ambalo sitaliandika hapa. Tusi hilo likatundikwa madukani, juu ya rafu za vyakula vikavu. Kabla ya Michezo ya Olimpiki ya 2008, mji wa Beijing ulijitahidi sana kuyasahihisha mabango ya namna hiyo.

Mashine zenyewe zilianza kwa majivuno. Tarehe 7 Januari 1954, mjini New York, kompyuta ilitafsiri sentensi zaidi ya 60 za Kirusi kwa Kiingereza, ikiwa na maneno 250 na kanuni 6. Watu wakadhani kazi itakwisha kwa miaka michache. Mwaka 1966 kamati ya wataalamu huko Marekani ilisema kuwa tafsiri ya mashine ni ya polepole kuliko ya binadamu, si sahihi kama yake, na gharama yake ni mara mbili.

Usidhani Kiswahili kimesalimika. Pakiti ikisema “ladha ya kaa”, je, ni kaa wa baharini, au kaa la moto? Wewe huhitaji hata kufikiri. Mashine za leo hutazama sentensi nzima kabla ya kuchagua maana, kwa hiyo hukosea mara chache zaidi kuliko zile za kwanza. Lakini pakiti haina sentensi nzima ya kutazamwa. Ina neno moja moja tu: chumvi, maziwa, karanga. Na katika maneno hayo ndimo anamotafuta usalama wake mtu ambaye punje moja ya karanga yaweza kumziba pumzi.