Kutoshindwa si Kushinda: Rekodi ya Yanga ya Msimu wa 2021/22 na Namna ya Kuipima

1.0 Utangulizi

Katika mpira wa kikapu wa kulipwa nchini Marekani, kulinganisha rekodi ni kazi nyepesi. Chicago Bulls walishinda michezo 72 kati ya 82 katika msimu wa 1995/96. Golden State Warriors wakashinda 73 kati ya 82 katika msimu wa 2015/16. Idadi ya michezo ni ileile na sare haipo, hivyo 73 ni zaidi ya 72. Historia ya Ligi Kuu ya soka ya Tanzania Bara haina urahisi huo. Insha hii inachunguza msimu wa 2021/22, ambao Yanga ilitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo wa ligi. Hoja yake ni kwamba uwezo wa kushinda na uwezo wa kutoshindwa ni mambo mawili, na kila moja lina kipimo chake.

2.0 Misimu Mitatu ya Ubingwa Bila Kupoteza

Yanga haikuwa ya kwanza. Mwaka 2009/10 Simba ya kocha Patrick Phiri, katika ligi ya timu 12, ilicheza mechi 22, ikashinda 20 na kutoka sare 2. Mwaka 2013/14 Azam, katika ligi ya timu 14, ilicheza mechi 26, ikashinda 18 na kutoka sare 8. Zote mbili zilimaliza na alama 62. Yanga ya kocha Nasreddine Nabi, katika ligi ya timu 16, ilicheza mechi 30, ikashinda 22, ikatoka sare 8 na kuvuna alama 74.

Tukitazama jumla ya alama, Yanga inaongoza. Tukitazama uwiano, picha inageuka: Simba ilipata takribani asilimia 94 ya alama zilizowezekana, Yanga asilimia 82 na Azam asilimia 79. Kwa kipimo cha kushinda, basi, msimu wa Simba haujafikiwa na mingine miwili.

Hata hivyo, uwiano wa msimu mmoja haupimi udumifu. Baada ya kufungwa na Azam tarehe 25 Aprili 2021, Yanga ilicheza mechi 49 za ligi bila kupoteza, hadi ilipofungwa 2–1 na Ihefu huko Mbarali, Mbeya, tarehe 29 Novemba 2022. Mfululizo huo uligusa misimu mitatu, na ndio unaoipa Yanga nafasi yake katika historia.

3.0 Rekodi kwa Jicho la Mpinzani

Kwa shabiki wa Mazinde, wilayani Korogwe, suala hili si la hesabu tu. Timu ya mkoa wake ni Coastal Union ya Tanga, bingwa wa Tanzania Bara wa mwaka 1988. Tarehe 2 Julai 2022 timu hiyo ilikutana na Yanga katika fainali ya Kombe la Shirikisho kwenye uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, mji unaofikiwa kutoka Tanga kwa barabara kuu ipitayo Korogwe, Mombo na Mazinde. Abdul Suleiman "Sopu" aliifungia Coastal Union mabao matatu peke yake, na dakika 120 zikaisha kwa 3–3. Yanga ilitwaa kombe kwa mikwaju ya penalti, 4–1.

Kumbukumbu za Yanga zinaandika mchezo huo kama taji. Kwa upande wa Tanga, ni ushahidi kwamba bingwa asiyeshindwa hakuweza kuishinda Coastal Union uwanjani. Kauli zote mbili ni za kweli. Vilevile, mwanzoni mwa msimu huohuo Yanga ilikuwa imefungwa mara mbili na Rivers United ya Nigeria katika Ligi ya Mabingwa Afrika, mara zote 1–0. Rekodi yake, kwa hiyo, ni ya mashindano ya ndani.

4.0 Hitimisho

Mwanahistoria wa michezo anapaswa kutaja idadi ya timu, idadi ya sare na mipaka ya mashindano kabla ya kutamka neno rekodi. Akifanya hivyo, Simba ya 2009/10 itabaki kuwa kielelezo cha kushinda, na Yanga ya mechi 49 kielelezo cha kutoshindwa. Coastal Union nayo haitasomwa tena kama jina tu katika orodha ya waliofungwa.