Daftari la Tokyo, Benchi la Mtaani

Tarehe 23 Julai 2021, wanariadha walipoanza kuingia uwanjani Tokyo kwa ufunguzi wa Olimpiki, muziki wa kwanza uliowapokea ulitoka kwenye gemu, Dragon Quest. Miaka mitano kabla yake, Rio ilipokuwa ikifunga michezo yake, Waziri Mkuu Shinzo Abe alitokea mbele ya dunia akiwa amevaa kama Mario. Hapo watu wazima wa taifa zima walikuwa wanasema bila haya kwamba gemu ziliwalea, na kwamba ni urithi unaofaa kuonyeshwa wageni. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya gemu ya Dar es Salaam na Mombasa hatujawahi kusema hivyo hadharani, na kwa maoni yangu tunayo haki ileile.

Ukitaka kuelewa kwa nini Dragon Quest ilipewa heshima ile, anzia kwenye daftari la shule. Gemu hiyo ilipotoka mwaka 1986 kwa mashine ya Famicom ya Nintendo, kaseti yake haikuweza kuhifadhi mchezo. Ukitaka kupumzika ulikwenda kwa mfalme, naye akakupa maneno ya uganga, herufi 20 za hiragana, mwandiko wa Kijapani, zisizo na maana yoyote. Kesho yake ukiziingiza sawasawa unarudi ulipoishia. Toleo la pili, la mwaka 1987, lilifikisha hadi herufi 52. Mtoto aliketi mbele ya runinga na penseli yake, akinakili, na akikosea herufi moja tu, safari nzima na dhahabu yote aliyoichuma vimekwenda na maji. Uchungu wa herufi iliyokosewa ndio Wajapani wa rika lile wanaousimulia hadi leo, tena kwa mapenzi makubwa. Lakini uchungu wa namna hiyo una masharti yake. Lazima mashine iwe yako, runinga iwe ya nyumbani, na kesho uwe na hakika ya kuiwasha tena.

Kwetu Temeke hakika hiyo haikuwepo. PlayStation 2 ilikuwa mali ya mwenye banda. Banda lenyewe la mabati, runinga mbili za chogo juu ya meza, benchi moja la mbao, na feni iliyokuwa ikizungusha joto lilelile. Padi zilikuwa zimelika. Mpira wa kijiti cha kushoto umetoka zamani, imebaki plastiki tupu inayochubua kidole gumba, na waya umezungushiwa solotepu nyeusi pale ulipokatika. Tulicheza Winning Eleven kwa mechi, na aliyefungwa ndiye aliyelipa na kumpisha anayefuata. Kwa hiyo fundi wa kweli aliweza kushinda pale mchana kutwa bila kutoa hata senti, na sisi wengine tukawa watu wa benchi. Ni benchini nilikojua kwamba Adriano wa Inter akipata nafasi ya kuvuta mguu wa kushoto, kipa hana la kufanya. Kwenye Tekken 3, Eddy Gordo alipigwa marufuku, kwa sababu mtoto asiyejua kitu aliweza kubonyeza vitufe vya mateke ovyoovyo akamtoa mtu aliyejifua wiki nzima. Sheria hiyo haikutoka kwa watengenezaji wa gemu. Tuliitunga sisi, na aliyeivunja alizomewa hadi akaiweka padi chini.

Nasi tulikuwa na karatasi yetu. Ilibandikwa ukutani karibu na bei, imeandikwa kwa kalamu ya wino, na wino umeanza kupauka. Ilikuwa na chiti za GTA San Andreas: R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Ukizibonyeza bila kukosea, afya inajaa na dola 250,000 zinaingia mfukoni. Gemu hiyo tuliilipia kwa muda, na nusu saa haitoshi kumtoa shujaa wake, Carl Johnson, kwenye shida zake hatua kwa hatua kama watungaji walivyopanga. Ziweke karatasi hizi mbili pamoja. Ya mtoto wa Tokyo ilimlindia alichokwisha kuchuma. Ya bandani ilikupa kila kitu papo hapo, kwa sababu hakuna ulichokuwa unakwenda nacho nyumbani. Hata memori kadi ilikuwa ya mwenye banda. Ndiyo maana gemu za hadithi ndefu karibu hazimo kabisa katika kumbukumbu zetu, na soka na ngumi zimejaa. Watu huwa wanasema ni suala la ladha, kwamba Waafrika tunapenda mpira. Tunaupenda, ni kweli, lakini namna ya kulipa ilikuwa imeshatuchagulia kabla ya ladha.

Wanaotukaribia zaidi katika hili ni Wabrazili. Miaka ya 1980 nchi yao ililinda soko lake la kompyuta dhidi ya bidhaa za nje, ikabidi mashine ziundwe humohumo. Kampuni ya Tectoy, iliyoanzishwa mwaka 1987, ilikuwa ikiunda mashine za Sega, na mwaka 1991 ikachukua gemu ya Kijapani, ikamwondoa shujaa wake na kumweka Mônica, msichana wa katuni za Mauricio de Sousa ambaye kila mtoto wa Brazili anamjua. Wasio na mashine walikwenda kwenye maduka ya gemu na kulipia kwa saa, benchi na makelele kama yetu. Kampuni ya Konami nayo, kwenye gemu ya International Superstar Soccer, hawakutumia majina halisi ya wachezaji, kwa hiyo nyota wa Brazili aliitwa Allejo. Mtu huyo hajawahi kuzaliwa, na wapo Wabrazili wazima wanaomtaja kama wanavyomtaja Romário. Baadaye mafundi wa mitaani walifungua gemu za soka na kuingiza timu za ligi yao na mtangazaji wa Kireno. Wao waliibadilisha gemu yenyewe. Sisi tulibadilisha sheria zilizoizunguka. Siku hizi ninapoona vijana wanaweka jezi za Simba na Yanga kwenye Dream League Soccer ya simuni, naona na sisi tumeanza kuingia ndani ya gemu.

Urusi ina funzo fupi lakini linaniliwaza. Mwaka 1992 kampuni ya Steepler ilianza kuuza Dendy, nakala ya Famicom, na watoto wengi wa huko hawakuwahi kuiona ile halisi. Nakala ndiyo utoto wao, nao huitaja kwa fahari. Zile kaseti zetu zilizojiandika gemu 9999 ndani yake, huku gemu chache zilezile zikijirudia, hazistahili aibu yoyote.

Swali linalonishika zaidi ni adabu za bandani zilitoka wapi. Naamini zilitoka barazani. Tazama watu wanaocheza bao, wachezaji wawili, watazamaji kumi, na kila mtazamaji ana ushauri. Mshindi haondoki mpaka apatikane wa kumwondoa. Tambo ni nusu ya mchezo. Na hakuna anayekaa chini kumfundisha mtoto kete 64 zinavyotembea kwenye mashimo 32. Anasimama nyuma ya wazee, anatazama, mpaka siku moja anaachiwa nafasi na anacheza kama mtu aliyezaliwa nayo. Tulijifunza Winning Eleven hivyohivyo. Nilikuwa najua kupiga krosi kabla sijawahi kuishika padi.

Ndiyo sababu uhifadhi wetu hauwezi kunakili wa Japani. Masayuki Uemura, mhandisi aliyeongoza uundaji wa Famicom, alipotoka Nintendo alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Ritsumeikan, Kyoto, ambako gemu na mashine za zamani hukusanywa na kuchunguzwa kama vitabu. Kwao ni sahihi, kwa sababu kumbukumbu yao imo kwenye kaseti. San Andreas yetu ipo hata leo, unaipakua kwenye simu na kuicheza peke yako kitandani. Kilichokosekana hapo hakimo kwenye programu. Ni bei ya mechi kila mwaka ilivyopanda, nani alifungiwa kucheza na kwa kosa gani, mtaa upi ulikuja kutupiga na nani akatulipia kisasi, umeme ulipokatika mechi ikiwa tatu kwa mbili ilihesabiwaje. Hayo wanayajua wenye mabanda, ambao wengi wao bado wapo mitaani humuhumu, wanauza vocha na kutengeneza simu, na sijasikia mtafiti aliyekwenda kukaa nao na kinasa sauti.