Mgeuzo wa Fourier na Kompyuta Isomayo Alama

Sisi walimu wa lugha tumezoea kuiona hesabu kuwa ni nchi ya mbali. Hata hivyo, nayo ni maandishi yenye sarufi yake, na historia ya mgeuzo wa Fourier yatuonyesha hivyo.

Joseph Fourier, Mfaransa aliyezaliwa Auxerre mwaka 1768, aliwasilisha mjini Paris mwaka 1807 risala juu ya mwenendo wa joto. Alidai kwamba mtawanyiko wowote wa joto waweza kuelezwa kuwa ni jumla ya mawimbi mepesi. Lagrange, mwanahesabu mkuu wa zama hizo, alilipinga dai hilo. Lakini Fourier alishikilia lake, na mwaka 1822 akatoa kitabu chake. Katika fikra hiyo ulichipuka mgeuzo wenye jina lake: njia ya kuchukua kitu kibadilikacho kwa wakati, mathalani sauti, na kukieleza kwa mawimbi yaliyokijenga.

Kwa miaka mingi mgeuzo huo ulikokotolewa kwa kalamu, au jibu lilitafutwa katika majedwali. Kompyuta zilileta njia mbili. Ya kwanza ni ya tarakimu, iliyopata kasi kubwa kwa kazi ya Cooley na Tukey mwaka 1965. Ya pili ni ya alama, ambapo kompyuta hutoa fomula yenyewe. Huko Marekani, James Slagle alitunga mwaka 1961 programu iliyofumbua maswali 84 kati ya 86 ya intigrali. Joel Moses aliiendeleza kazi hiyo mwaka 1967. Kisha zikaja Maple ya Kanada, iliyoanzwa mwaka 1980, na Mathematica, mwaka 1988.

Hapa ndipo penye funzo. Tukizipa programu hizi mbili fomula moja, e yenye kipeo −t², kila moja ikifuata fasili yake ya kawaida, Maple hutanguliza katika jibu kipeuo cha pili cha pai, na Mathematica hutanguliza 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 2. Majibu hayo yapishana kwa takriban mara mbili na nusu, na yote ni sahihi! Sababu ni kwamba wataalamu hawakuafikiana 2 mara pai iandikwe wapi katika fasili ya mgeuzo.

Basi mwanafunzi aletapo jibu lisilolingana na la kitabu, tusiharakishe kumkosoa. Tumwulize kwanza: umetumia fasili ipi?