Ziwa Kivu: Njia Iliyogeuzwa Mpaka

Likizo iliyopita, bibi alitupeleka wajukuu wake watano Karongi kwa boti kutoka Gisenyi. Njiani alinyoosha kidole upande wa magharibi: "Kile ni kisiwa cha Ijwi. Dada yangu aliolewa kule." Mdogo wetu akauliza kwa nini tusipite kumsalimia. "Ni Kongo, mjukuu wangu. Hatuna karatasi."

Husemwa kuwa ziwa hili ni mpaka wa asili. Historia inakataa. Katika karne ya 19, Mfalme Kigeli Rwabugiri wa Rwanda alivuka kwa mitumbwi akaiteka Ijwi. Hakwenda kwa amani, lakini maji hayakumzuia. Mwaka 1910, Ujerumani na Ubelgiji zilipatana mjini Brussels, Ijwi ikabaki kwa Ubelgiji. Wajerumani waliiteka mwaka 1914. Wabelgiji wakairudisha mwaka 1916. Wenyeji hawakuulizwa.

Kwa hiyo naona kuwa ziwa halikututenganisha. Lilikuwa njia, na mkataba ndio uliolifanya ukuta. Bibi hajausoma mkataba huo, ila anajua gharama yake: dada anayemwona kwa mbali, akiwa botini.