Telefone inajuaje kama barabara imejaa?

Watu wengi wanazani kuna satelite inayoangalia magari kutoka juu. Hapana. Satelite za GPS zinasaidia tu telefone kujua iko wapi. Telefone yenyewe ndiyo inatuma habari kwa kampuni: niko hapa, naenda kwa mwendo huu. Telefone nyingi zikitambaa pahali ambapo kwa kawaida zinakimbia, ramani inapaka barabara rangi nyekundu. Google Maps inafanya hivyo. Waze, iliyoanzia Israeli na kununuliwa na Google mwaka 2013, inamruhusu pia dereva kuonya wenzake kwa kidole: ajali, shimo, polisi.

Kwa hiyo ramani haioni magari, inaona telefone. Mwaka 2020, huko Berlin, msanii Simon Weckert alijaza telefone 99 ndani ya kigari cha mkono, akakivuta polepole kwenye barabara tupu. Ramani ikaonyesha msongamano mkubwa!

Hapa Bukavu kosa linaweza kuja kwa njia ingine. Motari anapenya katikati ya magari yaliyokwama, telefone yake inasema mambo ni mazuri. Tena megabaiti ni bei, wengi wanazima intaneti. Pahali hakuna rangi, maana yake si kwamba njia iko wazi. Ni kwamba hakuna anayetoa habari za kutosha. Na tope likishuka mlimani kisha mvua, ramani haitalijua mpaka mtu aseme. Hata ikijua, mji wetu umebanwa kati ya ziwa na milima: ukikwama Essence ukielekea Panzi, njia ya kuzungukia ni ya kutafuta sana. Kama unapeleka mgonjwa hospitali, mpigie kwanza mtu aliye kwenye ile njia.

Kuna jambo lingine, na sisi wa Kivu tusilichukulie kimchezo. Usiku wa tarehe 24 Februari 2022, mtafiti wa Marekani Jeffrey Lewis aliona kwenye Google Maps msongamano karibu na Belgorod, Urusi, kuelekea mpaka wa Ukraine. Saa chache kisha, vita ikaanza. Kwa maoni yake, telefone zile zilikuwa labda za raia waliosimamishwa njiani ili jeshi lipite. Siku hizo hizo Google ikazima rangi za msongamano kwa Ukraine, na Oktoba 2023 ikafanya vile kwa Israeli na Gaza. Raia wanaokimbia na mizigo kichwani, telefone mfukoni, nao wanaweza kuacha alama kama hiyo bila kujua.

Asiyetaka kutoa habari hizo anaweza kuzima lokalizasio kwenye telefone. Mwenye shida ya megabaiti apakue ramani ya Bukavu mapema, pahali penye wifi: itamwonyesha njia hata bila intaneti, ila rangi za msongamano hatazipata.